Majina Aliyoninyima Bibi Twilumba

Vijana wangu wa bustani, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru sana. Ila niwaambie ukweli, kwa miaka yote niliyofanya kazi pale nilikuwa nikitazama umande, sikutazama saa. Umande ukishakauka kwenye majani ya chini, kupandikiza kumekwisha. Rudi kivulini ukapake rangi vibao vya majina. Sasa saa yenu iko ukutani inagonga, na mimi sina pa kuwahi. Ndiyo maana nimekubali ombi lenu la kuandika. Nani alipandishwa cheo na nani aliachwa, hayo yamo kwenye mafaili, mkiyataka mtayasoma huko. Mimi nitaandika habari za kazi, na za mtu aliyenifundisha kazi, ambaye ninyi hamkumkuta.

Nilianza wakati wa Mwingereza, kabla miwati, ile miti ya kuuza magome, haijafunika nchi yetu. Njombe ya siku hizo ilikuwa nyasi. Ukitoka mjini kuelekea Makambako uliona vilima vimelala kimoja nyuma ya kingine mpaka macho yachoke, na misitu imejificha mabondeni tu, kando ya vijito. Nikiwasimulia mnacheka, maana mmezaliwa mkaikuta miwati na mnadhani Mungu ndiye aliyeipanda.

Aliyeanzisha bustani alikuwa afisa wa misitu, Mwingereza mrefu tuliyemwita Bwana Miti. Aliomba bonde moja nje ya mji, akasema atapanda humo mimea ya hapa hapa tu, ile ambayo babu zetu walikula, walijengea, walijitibu na kuzikana chini yake. Wazungu wenzake, waliokuwa na waridi mbele ya nyumba zao, walimcheka. Wazee wetu nao walimcheka, wakisema, "Huyu anapanda magugu." Kwa hiyo alikuwa mtu pekee Njombe aliyewafanya Wazungu na Wabena wakubaliane jambo.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la sita shule ya misheni, na mwandiko wangu ulisifiwa. Bwana Miti alinipa kipande cha ubao, brashi na kopo la rangi, akaniambia niandike "mvengi", jina la mti mmoja wa kwetu. Nikaandika. Aliutazama ule ubao kwa mbali, akausogelea, akasema, "Kesho saa kumi na mbili uje." Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira.

Kesho yake nilifika na viatu nilivyoazima kwa kaka yangu, nikamkuta Bibi Twilumba. Alikuwa mjane kutoka upande wa Ilembula, mkunga na mjuzi wa mitishamba, mfupi, amevaa koti la kijeshi lililomfika magotini kwa ajili ya baridi. Kwenye daftari la vibarua aliandikwa mpalizi, kwa kuwa serikali haikuwa na neno jingine la mwanamke mzee aliyeajiriwa na idara ya misitu. Sikumwona akipalilia hata siku moja.

"Kamwene, Bibi," nilimsalimu.

"Kamwene. Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndiyo, Bibi."

Alinishika mikono akaigeuza. "Laini hii, kama ya bwana harusi. Haya, vua viatu vya watu uchimbe."

Alijuaje kwamba viatu ni vya kuazima, mpaka leo sijui. Nilichimba mche wa msada uliokuwa unahamishwa, nikaunyanyua kwa fahari. Alinichapa fimbo ya kiganja. "Umelitazama jua?" Hapo ndipo nilipojifunza somo la kwanza, na ninyi mlilipokea kwangu bila kujua lilikotoka: kabla ya kuchimba mche, funga uzi wa gome kwenye tawi linalotazama mawio. Ukiupanda kwingine, uzi ule utazame mawio vilevile. Mti ukigeuzwa, upande uliozoea kivuli unaungua, nao unakaa mwaka mzima umenuna.

Somo la pili lilikuwa la jalidi, umande unaoganda usiku. Mwezi wa sita na wa saba tulifunika miche kwa majani makavu ya mmea uitwao madole, na asubuhi kazi ya kwanza ikawa kukimbizana na jua. "Baridi haiui," alikuwa akisema. "Kinachoua ni jua kuukuta mche bado umeganda." Basi tuliimwagia maji ya kijito taratibu, vidole vyetu vikifa ganzi, mpaka iyeyuke kabla miale haijafika. Mkipata kijana mpya, mpeni kazi hiyo mwezi wa saba. Akirudi siku ya pili, mwajirini.

Somo la tatu lilinitia aibu. Bibi alikuwa akiongea na mimea. Kila alipochimba alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemuaga mgeni, "Tunakwenda bustanini kwa Bwana Miti. Si mbali. Maji yapo." Na akitaka mizizi kwa ajili ya mgonjwa, alichimba upande wa mawio kidogo na upande wa machweo kidogo, basi, kisha akafukia na kukanyaga. Mimi nilikuwa nimepata kipaimara mwaka uliotangulia, nikawa natazama pembeni mchungaji asije akasikia. Bibi aliniona.

"Unaogopa nini? Mimi nakaa benchi la mbele kanisani. Mchungaji amekataza tusitambikie wafu. Hajakataza kuaga miti."

Nilimpenda yule mama, niseme wazi. Mama yangu mzazi alifariki ningali mdogo, na Bibi Twilumba alinigombeza kama mtu anayetarajia kitu kwangu. Kila siku alinipa majina matatu. Mvengi, msaula na msada kila mtu anaijua. Yeye alinipa majina ya vile vidogo, vitambaavyo chini ya nyasi, ambavyo hata Bwana Miti aliviandikia alama ya kuuliza kwenye vitabu vyake vya majani makavu. Jioni nilimrudishia majina yale matatu. Nikikosa moja, kesho yake sipewi jipya.

Kisha miwati ilikuja. Mashine zililala kwenye vilima vya njia ya Makambako, na tukaambiwa kichaka fulani kilichokuwa makaburini kwa watwa, watawala wetu wa zamani, kitafyekwa kwa kuwa kiko katikati ya shamba jipya. Tulipewa siku tatu kuokoa tunachoweza. Humo ndani mlikuwa na mti mdogo, haupiti kimo cha mtu, ambao Bibi aliutumia kwa akina mama wasiokauka damu baada ya kujifungua. Jina lake naliacha. Nitauita mti wa akina mama. Yote ilikuwa mikubwa mno kuhama isipokuwa mmoja. Bibi aliupakata kwenye lori safari nzima, gunia la udongo likimlowesha, na hakukubali kupokewa. Tuliupanda ngazi ya tatu ya mteremko wa bustani, karibu na kijito. Mwaka uliofuata kichaka kilikuwa mistari ya miwati, na mti wetu ulikuwa ndio pekee tuliojua.

Nyakati hizo wageni waliongezeka. Jumapili walikuja wauguzi wa hospitali ya Ilembula wamevaa nguo za kanisani, watoto wa shule, na abiria wa malori yaliyoharibika. Lakini ninaowakumbuka zaidi ni wazee waliohamishwa kupisha mashamba. Walikuja kutembelea mimea kama unavyokwenda kumjulia hali ndugu. Mmoja alisimama mbele ya msaula akavua kofia. Nikamsogelea na kumuuliza kama anataka maelezo.

"Maelezo ya nini?" aliniambia. "Huyu nimekua naye."

Wageni wengine lakini walikuwa na swali moja tu: huu unafaa nini? Nililisikia mpaka masikio yakachoka. Vibao vyetu vilikuwa na jina la Kibena na jina la Kizungu cha wataalamu, basi. Bwana Miti alipokwenda likizo kwao akaniachia bustani, niliamua kuongeza mstari wa tatu, matumizi. Hakuna aliyenituma. Nilijiambia nawasaidia watu. Ukweli ni kwamba nilipenda kuonekana najua, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Kwenye kibao cha mti wa akina mama niliandika: Dawa ya mama anayetokwa damu baada ya kuzaa.

Bibi hakujua kusoma, ila alijua kuhesabu. Siku hiyohiyo alisimama mbele ya kibao. "Mistari ilikuwa miwili. Sasa ni mitatu. Umeandika nini?"

Ningeweza kumwambia. Nilijua atakavyosema. Yeye alipokuwa ananifundisha mti ule, siku ya mvua, kwenye kibanda cha majembe, alinichukua asubuhi nzima: majani gani, mangapi, ya tawi lipi, na juu ya yote, "Kwanza mfunue mama kope. Ukikuta ndani kumekuwa kweupe, usimpe kitu, mbebeni hospitali mbio." Hayo yote hayaenei kwenye ubao.

"Ni jina tu, Bibi," nilisema. "La Kizungu ni refu."

Akacheka. "Wazungu hawa! Mti mfupi, jina refu." Akaenda zake kwenye miche, akiniamini.

Hazikupita wiki nyingi. Asubuhi moja tulifika ngazi ya tatu tukakuta shimo. Mti hakuna. Mimi nilisema nungunungu. Bibi alipiga magoti akaingiza mkono ndani, akapapasa kuta za shimo, akakuta zimekatwa kwa jembe. "Hakufukia," alisema.

Siku ya nne alikuja kijana wa Makambako, mpakiaji wa malori, jina lake Elia, na gunia begani. Hakuja kwa kunyatia. Alipita langoni, akatusalimu kwa heshima, akauliza aliko mwandishi wa vibao. Nikasema ni mimi.

"Basi, kaka, kibao chako kimenidanganya."

Alifungua gunia akatoa kisiki kikavu, mizizi yote imekatwa. Mke wake alikuwa amejifungua, damu haikomi. Jumapili iliyotangulia lori lao lilisimama hapa, naye alitembea bustanini, akasoma. Alipoona hali ya mkewe, akakumbuka. Akapanda lori la kwanza, akaja na jembe alfajiri, akang'oa, akaenda kuchemsha mizizi yote, maana aliambiwa ni dawa na hakuambiwa ni majani. Mkewe alitapika mpaka akazimia. Majirani wakamkimbiza Ilembula hospitali, na huko, kwa neema ya Mungu, alipona.

"Sikuja kugombana," alisema Elia. "Nimekuja kukuomba ufute, asije mwingine akapata niliyoyapata. Si wewe uliyeandika?" Akakigeukia kibao, kilikuwa bado kimesimama kando ya shimo, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu aliyejifunza kusoma ukubwani.

Bibi Twilumba alikuwa nyuma yangu. "Rudia," alimwambia.

Elia akarudia.

Sikuthubutu kugeuka. Nilisikia anapita pembeni yangu, koti lake likigusa mkono wangu. Alichukua kisiki, akakikwaruza kwa ukucha kutafuta kijani. Hakikuwepo. Akamuuliza Elia jina la mtoto, na kama mama ananyonyesha vizuri, na kama anakula. Elia akajibu. Bibi akasema, "Wewe hukukosa, mwanangu. Ulipewa neno nusu." Kisha akanitazama mimi, na sikuona hasira, afadhali ningeiona. "Dawa haisomwi," alisema. "Dawa mtu anapewa na mtu."

Nilifuta mistari ya tatu yote, kibao baada ya kibao, kwa msasa mpaka vidole vikachubuka. Bwana Miti aliporudi nilimweleza. Akasema niandike taarifa. Niliandika. Nayo iko kwenye mafaili, kama mtakuwa na nafasi.

Bibi hakuniacha. Angeniacha ningeumia mara moja nikapona. Tuliendelea kufanya kazi pamoja, akanisahihisha jembe, akanigawia viazi alivyochoma, akaniuliza habari za mke wangu na watoto. Lakini majina yalikwisha. Nikimwonyesha mmea na kumuuliza unaitwaje, aliutazama vizuri, huku namwona kabisa kwamba anaujua, akajibu, "Majani." Kila mmea, majani. Miaka mitatu. Bwana Miti alihamishiwa mkoa mwingine, alama zake za kuuliza zikabaki kwenye vitabu, na mtu wa kuzijibu alikuwa ameketi hatua kumi kutoka kwangu anasaga ugoro. Maji yakimwagika hayazoleki, tunasema, na mimi nilikuwa nayatazama yakizama ardhini kila siku ya kazi.

Kisha macho yake yakaingia ukungu, binti yake akaja kumchukua, wakaenda kukaa Ilembula.

Nilibaki na jani moja kavu la mti wa akina mama, lililokuwa limebandikwa kwenye kitabu cha Bwana Miti. Kila likizo nililifunga ndani ya kitabu cha nyimbo nikatembea. Mke wangu alidhani nina mwanamke Ludewa. Nilipita mabonde ya Lugarawa, nikauliza wagonjwa waliokuwa wakisubiri nje ya hospitali ya misheni, nikapanda Mawengi, nikauliza wakunga, wachunga ng'ombe na makatekista. Watu walilishika lile jani, wakalinusa, wakatikisa kichwa. Likizo ya nne nilivuka Mawengi nikaendelea, kijiji sikitaji, nikamkuta mama mmoja anachimba viazi mviringo. Aliitwa Mama Kolumba. Alilitazama jani akacheka.

"Hili? Nenda nyuma ya nyumba, bondeni. Mbuzi wangu wanalijua kuliko wewe."

Ilikuwepo miti saba. Nilikaa chini kwenye matope nikalia, mtu mzima, na suruali ya kazi. Mama Kolumba aliniletea maji akasubiri nimalize. Aliniambia yeye ni mkunga, mama yake alikuwa mkunga, na wanawake wa milima ile humjia yeye. Nikamuuliza anawapaje. Kabla hajataja jani alisema, "Kwanza nawafunua kope."

"Chukua mche," aliniambia. "Mmoja huo mdogo. Mimi nitabaki na sita."

Jembe nilikuwa nalo. Gunia bichi nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelibeba likizo nne. Nilifunga uzi wa gome kwenye tawi la mawio, nikashika mpini, nikaona kabisa ngazi ya tatu, mti umesimama kando ya kijito, wageni wanapita, na kosa langu limesahihishwa. Sijawahi kutamani kitu namna ile, wala mke wangu wakati wa uchumba, anisamehe. Lakini bustani yetu ilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kumfunua mama kope. Mti ule hapo ulipo ulikuwa na mtu wake. Nilifungua uzi. Nilimwomba Mama Kolumba kijiti kimoja tu chenye majani, nikakikata upande wa mawio, na kabla ya kuondoka niliuambia mti kwa sauti kijiti kinakokwenda. Mara hii sikutazama pembeni.

Nilimkuta Bibi Twilumba Ilembula uani kwa binti yake, ameketi kwenye kigoda anaota jua, amevaa koti lilelile. Macho yalikuwa yamefunga kabisa. Sikusema kitu, niliweka kijiti mkononi mwake. Alikipapasa, akasugua jani, akalinusa. Akalitaja jina la mti, na lilikuwa jina la kwanza kunipa tangu siku ya Elia.

"Umeutoa wapi?"

"Mbali, Bibi."

"Umeung'oa?"

"Hapana. Nimeuacha. Yuko mama mmoja mkunga anao."

"Anajua?"

"Anaanza na kope, Bibi."

Kuku walipita, binti yake akapita na ndoo. Kisha Bibi akauliza, "Una kalamu mfukoni?"

"Ninayo."

"Mpe binti yangu."

Nikampa. Bibi akajiweka sawa kwenye kigoda, akanyoosha mkono mbele kana kwamba anasukuma lango la bustani, akaanza. Mkono wa kulia wa lango, chini ya msaula, kile chenye ua jeupe: jina. Kinachokitambalia: jina. Ngazi ya kwanza, ngazi ya pili, kando ya jiwe, ndani ya maji. Alitembea bustani nzima akiwa ameketi, haoni, na hakuruka hata kimoja. Mimi nilirudia kila jina baada yake, nikikosea analirudia, mpaka jua likageuka na binti yake akasema sasa apumzike.

Nilipanda lori kurudi kupitia Makambako nikiyataja moyoni yasidondoke, midomo ikicheza, na jirani yangu akadhani nasali. Yalikuwa mengi kuliko kichwa changu. Nilipanga kurudi baada ya mvua nikayapokee upya. Mvua hazikuwa zimeisha nilipoletewa habari kwamba wamekwisha kumzika.

Nimebaki na thelathini na moja. Mengine nayatafuta hadi leo. Napita karibu na kimea fulani, jina linanijia mpaka kwenye meno, halafu linarudi. Namtamani Bibi Twilumba anichape fimbo ya kiganja anikumbushe. Hayo niliyo nayo sikuyaandika humu, na kwenye mafaili hayamo. Nyumba yangu mnaijua. Njooni mmoja mmoja, na kalamu mziache kwenu.